Mjomba, mume wangu anataka tuweke nyumba yetu benki tununue ghorofa la wapangaji Sinza

SWALI

Shikamoo Mjomba. Nakusoma siku nyingi ila kuandika ndo leo, na naomba univumilie maana barua ni ndefu na nikianza kukata kata nitaacha kitu cha maana. Nina miaka 48, nina duka la vitenge Kariakoo, mume wangu kastaafu serikalini mwaka huu, watoto watatu na wawili bado wanasoma. Tunaishi Tabata kwetu wenyewe, nyumba tuliijenga kidogo kidogo mpaka ikaisha, ina hati na haina deni la mtu yeyote.

Sasa kuna dalali kamletea baba Nasra jengo Sinza, sio mbali na barabara ya Shekilango, ni ghorofa ya chini na juu, familia sita. Nne ni chumba na sebule na choo ndani, mbili ni za vyumba viwili. Zile ndogo saivi wanalipa 250,000 kwa mwezi na zile kubwa 400,000. Jengo ni la marehemu mzee mmoja, wanauza watoto, wanataka milioni 260 wanasema maongezi yapo. Kaka mkubwa ndo msimamizi wa mirathi na karatasi zote anazo yeye. Watoto wako watano, dada yao mmoja yupo Muscat anafanya kazi, na bahati nzuri kuna mwenzangu pale sokoni anamfahamu, akamuuliza kwa simu, yule dada akasema habari za kuuza anazisikia sikia tu hajaitwa kikao chochote. Alafu kuna mama mdogo wao, mjane wa huyo mzee, anaishi hapo hapo chini kwenye moja ya zile kubwa, sisi tumeambiwa "huyo atahama, sio tatizo".

Jengo lenyewe limechoka Mjomba sikufichi. Paa linavuja upande mmoja, vyoo vya juu vinadondosha maji kwenye dari za wa chini, kuta za chini zina chumvi rangi inabanduka mpaka kwenye usawa wa kiuno, shimo la maji machafu likija masika linajaa wapangaji wanachangishana gari la kunyonya, na LUKU ziko mbili tu jengo zima kwahiyo kila siku ni ugomvi wa umeme. Kuna na ufa pembeni ya ngazi umetoka juu mpaka chini, shilingi inaingia. Fundi tuliyempeleka ni binamu yake baba Nasra, kapita nusu saa akasema ufa ni wa plasta tu, ukarabati wote milioni 35 tunamaliza, tena yeye anashauri pale chini mbele tutoe ukuta tupate fremu mbili za maduka "hapo ndo hela ilipo". Dalali nae anasema tukishapiga marumaru na jipsamu zile ndogo zinaenda 350,000 na kubwa 550,000.

Hela: mafao ya baba Nasra ya mkupuo ukijumlisha na akiba yangu na kiwanja chetu cha Kibaha tukikiuza tunafika milioni 175. Zinazobaki milioni 120 benki wako tayari kutupa kupitia biashara yangu, riba asilimia 17, miaka saba, dhamana nyumba ya Tabata. Wanataka saini zetu wote. Baba Nasra anasema mpangaji ndo atalipa mkopo sisi kazi yetu kukaa tu. Mi roho inasita. Nimeongea na wapangaji wawili kimya kimya, mmoja kaniambia kalipa mpaka Aprili mwakani, mwingine kalipa mwaka mzima juzi juzi tu, nikamuuliza kaka mtu akasema "hayo tutamalizana wenyewe msiwe na wasiwasi". Pia anataka kwenye mkataba tuandike milioni 150 eti kodi isiwe kubwa. Na dalali anasema serikali ya mtaa lazima wapewe asilimia 10 ndo wagonge muhuri.

Kila siku dalali anapiga simu kuna mtu wa Mwanza ana keshi mkononi tutalikosa. Mawifi wanasema naogopa maendeleo. Niambie Mjomba, nisaini? Hiyo bei ni ya haki? Na kama jibu ni hapana nimwambieje baba Nasra bila kuonekana nadharau hela yake?

Mama Nasra, Tabata

JIBU

Marahaba Mama Nasra. Karatasi ya benki usisaini. Nimeanza na hilo kwasababu huko kwingine kote kuna nafasi ya kuongea, hapo hapana.

Chukua kalamu tupige hesabu maana naona kwenye barua nzima hakuna mtu aliyeipiga, sio dalali, sio binamu, sio baba Nasra. Milioni 120 kwa riba ya asilimia 17 miaka saba marejesho yake ni kama milioni 2 na laki 4 na nusu kila mwezi. Sasa hilo jengo leo likiwa limejaa wote sita na wote wanalipa bila kusumbua linaingiza milioni 1 na laki 8. Umeona? Mpangaji hawezi kulipa huo mkopo hata kwenye mwezi mzuri kuliko yote. Tuseme dalali anasema kweli na baada ya ukarabati kodi zimepanda kama alivyosema, inakuwa milioni 2 na nusu kwa mwezi, kwenye makaratasi inafika, inabaki kama elfu hamsini ya soda. Ila kodi ya nyumba haiingii mfukoni yote. Kuna asilimia 10 ya TRA kwenye pango. Kuna mpangaji anahama na chumba kinakaa wazi mwezi mpaka umpate mwingine na dalali wake umlipe. Kuna bomba, koki, taa ya ngazi, gari la kunyonya, mlinzi kama mtaweka, kodi ya ardhi. Milioni 30 ya mwaka nikitoa milioni 3 ya TRA, nikatoa kama milioni 2 na nusu ya vyumba kukaa wazi, nikatoa milioni 3 ya matengenezo na vikorokoro, inabaki milioni 21 na nusu. Benki kwa mwaka inataka milioni 29 na zaidi. Hiyo karibu milioni 8 inayopungua kila mwaka itatoka kwenye vitenge vyako mama, miaka saba mfululizo, na mwaka ambao biashara imelala au mtoto kaingia chuo ndo hapo nyumba ya Tabata inapoanza kutembelewa na watu wa benki na tepu zao.

Na hizi ni hesabu za kila kitu kikienda sawa tangu mwezi wa kwanza, wakati miezi ya ukarabati vyumba havilipi na marejesho hayasubiri fundi amalize.

Kuhusu saini yako, naomba ujue uzito wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haikubali nyumba ya familia iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, ndo maana benki wanakung'ang'ania, sio kwamba wanakuheshimu sana. Kwahiyo we sio msindikizaji kwenye hili. Wakikuambia unaogopa maendeleo waulize mawifi kama wao wako tayari kuweka hati zao pale pembeni ya ya kwako, utaona mazungumzo yanavyohamia kwenye hali ya hewa.

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe, maana hata kama mngekuwa na keshi yote mkononi bado lina mambo.

La kwanza ni nani anauza. Kaka mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi sio kwamba nyumba imekuwa yake. Taka kuona barua ya mahakama ya usimamizi, alafu mpeleke wakili wenu akaulize hapo mahakamani kama faili bado lipo wazi, kama kuna mtu kaweka pingamizi, na kama msimamizi alishapeleka orodha ya mali (kama ni mahakama ya mwanzo wataijua kama fomu namba 5, na ya hesabu namba 6). Hati ikiwa bado inasoma jina la marehemu, kwanza ihamishiwe kwa msimamizi pale kwa Msajili wa Hati, ndo yeye auze. Na mimi nisingetoa hata shilingi ya "kishika uchumba" kabla ya kuona maandishi ya warithi wote watano, huyo wa Muscat anaweza kufanya kupitia ubalozi wetu kule, anamwandikia mtu nguvu ya kisheria ya kumwakilisha au anasaini ridhaa inagongwa muhuri inatumwa, ni kitu cha kawaida kabisa na kama kaka mtu anakipinga basi ameshakujibu swali lako. Mjane ndo simwoni kama "sio tatizo". Mjane anayeishi ndani ya nyumba ya marehemu mume wake, kama hajalipwa haki yake na hajasaini, mtanunua kesi yenye paa linalovuja. Mkae nae nyie wenyewe, sio kupitia kwa mtoto wa mume, mumuulize anaenda wapi na amepewa nini.

Sinza ina unafuu mmoja, ni eneo lililopimwa zamani, miradi ile ya viwanja vya miaka ya 70 iliyozaa Sinza na Kijitonyama na Mikocheni, kwahiyo viwanja vina namba na upekuzi rasmi unafanyika bila kubahatisha. Fanyeni huo upekuzi. Mtajua jina, mtajua kama kuna rehani au zuio, na muangalie muda wa hati, za zamani kuna zilizotolewa kwa miaka 33, unaweza ukauziwa hati inayokata roho. Hapo hapo ulizia deni la kodi ya ardhi, na bili ya DAWASA msiisahau, madeni ya marehemu yana tabia ya kumkumbuka mnunuzi.

Asilimia 10 ya serikali ya mtaa haipo kwenye sheria yoyote. Mkataba wenu unaandaliwa na kushuhudiwa na wakili, sio muhuri wa mtaa. Ila ofisi ya mtaa mpite, mpige stori na mjumbe, na mama wa genge pale jirani pia, maana hao ndo wanajua nani aligombana na nani kwenye msiba.

Na milioni 150 ya kwenye mkataba kataeni, tena msikatae kwa aibu. Hiyo kodi anayoikimbia ni ya kwake muuzaji, inahesabiwa kwenye faida yake, wewe mnunuzi yako ni ushuru wa stempu asilimia 1. Sasa wewe ubebe kosa la mtu mwingine kwa faida gani? Jengo likiingia kwenye kesi ukashinda utadai 150 iliyoandikwa, hizo 110 utazidai kwa nani. Na siku mkija kuliuza nyie faida yenu itahesabiwa kuanzia 150 mtalipa kodi na ya kwake humo humo. Isitoshe mthamini wa serikali atapita na atakuja na bei yake.

Wapangaji. Hapa umefanya kazi nzuri kuliko dalali na fundi wakiwekwa pamoja, kule kuongea nao kimya kimya. Hapa kwetu watu wanalipa miezi sita mpaka mwaka kwa mkupuo, kwahiyo ukinunua nyumba ya wapangaji unaweza ukakaa mwaka mzima wewe ndo mwenye nyumba ila hela alishakula mwingine, na mikataba yao halali huwezi kuivunja eti kisa hukuisaini wewe, unairithi na nyumba. Huyo aliyelipa mwaka juzi juzi mimi ananipa harufu kabisa, nahisi kaka mtu anavuna kabla hajauza. Dawa yake sio kubishana, ni karatasi. Kila mlango mpige hodi, mpangaji awaonyeshe mkataba na risiti au meseji ya muamala, mnaandika kalipa mpaka lini, na amana kama ipo, anasaini. Mnajumlisha. Hiyo jumla inakatwa kwenye bei ya jengo, na kwenye mkataba wa mauziano wakili aandike kwamba kuanzia siku ya malipo ya kwanza muuzaji haruhusiwi kupokea kodi mpya. "Tutamalizana wenyewe" maana yake mtamaliza nyie.

Tukija kwenye ufundi, milioni 35 ya nusu saa siiamini na wala simlaumu binamu, fundi akiulizwa bei akiwa amesimama lazima aseme namba. Ila jengo la familia sita lenye paa, vyoo vyote vya juu, mfumo wa maji machafu, umeme, kuta na ufa, mi ningeweka 50 kichwani na bado nisingelala vizuri. Lipeni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) aje aangalie nguzo, mihimili na hilo jamvi la juu kabla ya kununua. Ada yake mkilinganisha na milioni 260 ni hela ya vocha.

Wakati mnamsubiri, ufa ule upimeni wenyewe. Chukua kipande chembamba cha kioo, kigandishe kwa saruji kikatishe ufa, nusu huku nusu kule, andika tarehe pembeni. Weka viwili vitatu, juu na chini. Kioo kikikatika baada ya wiki kadhaa ukuta bado unatembea, na plasta haijawahi kusimamisha msingi unaozama. Kikibaki kizima mpaka mvua zipite hapo angalau una kitu cha kumwonyesha mhandisi. Ufa wa plasta tu huwa haupitishi shilingi, binamu anajua hilo ila kazi anaitaka.

Na hizo fremu mbili zifutwe kabisa kwenye mpango. We uko Kariakoo, Novemba 2024 ulikuwepo lile ghorofa liliposhuka na watu, na taarifa za uchimbaji wa chini ya jengo ulizisikia kama sisi sote. Ukuta wa chini wa nyumba ya zamani kama hiyo mara nyingi ndo umebeba ghorofa, ukiutoa kwa nyundo na mdomo wa fundi mnacheza na roho za familia tatu za juu. Kama mhandisi atasema inawezekana basi kuna michoro, kuna mhimili wa kuweka kwanza, kuna kibali cha manispaa ya Ubungo cha ujenzi na cha kubadili matumizi, sio kazi ya wikiendi.

Kama siku moja mtakuja kukarabati, hilo au jingine lolote, anzeni juu mshuke. Paa kwanza, mkifungua bati mwangalie kenchi kama mchwa hajaingia, maana bati jipya juu ya mbao iliyooza ni hasara mpya. Alafu vyoo vya juu. Hapo watu wengi wanabadilisha marumaru tu wakidhani ndo wamemaliza, kumbe kinachovuja ni chini ya marumaru, inabidi kung'oa mpaka kwenye zege, kupaka dawa ya kuzuia maji na kuipandisha ukutani kidogo, na kabla ya kuweka marumaru mpya unaziba tundu la maji unajaza sakafu maji unaacha mpaka kesho yake, ukiona dari la chini kavu ndo fundi wa marumaru aitwe. Fundi atanuna kwamba unamchelewesha. Mwache anune. Mabomba ya chuma ya zamani yatoeni yote kwa pamoja, ukibadilisha kipande presha inaenda kupasua kile ulichokihurumia. Maji machafu ndo yangenitesa zaidi hapo Sinza, shimo kujaa masika maana yake ardhi imeshiba na shimo halinywi, kuchimba la pili pembeni yake kwenye kiwanja kidogo haisaidii kitu, muulizeni mhandisi huyo huyo na DAWASA kama kuna bomba la majitaka la kuunga karibu, kama hakuna basi gari la kunyonya liingizeni kwenye hesabu kama gharama ya kudumu. Chumvi ya ukutani ndo usiseme, watu wanapaka rangi kila mwaka, mpaka ujue unyevu unatoka wapi (mara nyingi ni chemba inayovuja au maji ya mvua yanayosimama ukutani), ukate huo mzizi, ubandue plasta mpaka juu ya pale chumvi ilipofikia, ukuta ukauke kabisa ndo upige upya. LUKU kila familia na mita yake, hiyo pekee inamaliza nusu ya ugomvi, ila mkumbuke tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, kwahiyo mpangaji ananunua token analipa kodi yako wewe mwenye nyumba, elewaneni nae mapema mumrudishie kwenye pango asije akaona anaibiwa.

Jipsamu na taa za rangi ziwe mwisho kabisa. Mafundi wanapenda kuanza nazo kwasababu mwenye hela akipita anaona kazi, na hela ikiishia hapo umebaki na dari zuri linalodondosha maji ya choo.

Binamu afanye kazi kama yupo vizuri, sina shida na ndugu, ila vifaa mnunue nyie, ufundi alipwe kwa hatua iliyoisha na kukaguliwa, na iandikwe. Undugu na advansi havikai chumba kimoja.

Sasa bei. Milioni 260 ukigawanya kwa kodi ya sasa ya mwaka, milioni 21 na laki 6, ni miaka 12 ya kodi yote bila kutoa hata kodi ya TRA, na hapo hujakarabati. Ukinunua, ukakarabati kwa hiyo 35 yao, na vyote vikapanda kama dalali anavyoota, hela yenu ya milioni 295 inawaletea kama asilimia 7 kwa mwaka pamoja na kelele za wapangaji. Hatifungani za serikali za muda mrefu (unaikopesha serikali, inakulipa riba) miaka hii zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, na hatifungani haijawahi kukupigia simu saa tano usiku choo kimeziba. Najua jengo thamani yake inapanda na hatifungani haipandi, sawa, Sinza ni Sinza, ila huko kupanda hakulipi rejesho la mwisho wa mwezi.

Mimi ningekuwa baba Nasra ningesema hivi: mkopo usizidi milioni 40, rejesho lake ni kama laki 8 na kidogo kwa mwezi ambayo jengo linaweza kulibeba hata likiwa na chumba kimoja kitupu, na dhamana iwe jengo lenyewe hati ikishahama, sio Tabata. Hapo mna 215. Toa 50 ya ukarabati, toa 5 au 6 ya wakili, stempu, uthamini na uhamisho, inabaki 160 hivi ya kununulia, na kodi walizokula mbele zinakatwa humo. Watacheka. Waacheni wacheke, mwacheni na mtu wa Mwanza alete keshi yake, mi nimewasikia hao watu wa mikoani wenye keshi kwa madalali miaka mingi sana na sijawahi kukutana na hata mmoja. Jengo la mirathi lenye ufa, mjane ndani na dada aliyeko ng'ambo hajaridhia haliuziki haraka kwa 260, baada ya miezi kadhaa dalali atarudi na sauti nyingine. Asiporudi pia poa.

Kuna kitu hujakisema, pale Tabata uani kuna nafasi? Maana wengi wenye hela kama yenu wanakimbilia kununua jengo la mtu wakati kwao kuna uwanja wa kupandisha nyumba ndogo tatu nne za chumba na sebule, ardhi bure, hati ipo, mpangaji unamwona kwa macho, na mnajenga kwa keshi kwa awamu bila benki. Hata kiwanja cha Kibaha msiharakishe kukiuza.

Kuhusu kumwambia baba Nasra. Mtu aliyestaafu juzi anataka kuonekana bado anafanya kitu, na mkupuo wenyewe siku hizi ni chini ya nusu ya mafao, nyingine inakuja kidogo kidogo kama pensheni, kwahiyo hiyo aliyoshika anaiona ndo nafasi yake ya mwisho. Usimwambie "hapana". Mpe kazi. Mwambie baba Nasra mi sipingi, ila nisaidie tupige hesabu ya mwezi mmoja tu kwenye karatasi, yeye aandike kwa mkono wake kodi inayoingia na rejesho linalotoka, namba zikitoka kwenye kalamu yake hazitakuwa dharau yako. Alafu yeye ndo aende kugonga milango sita kuchukua tarehe za risiti, yeye ndo aende na wakili kwenye upekuzi na mahakamani, alifanya kazi serikalini anajua kusoma mafaili kuliko wewe na mimi. Mawifi usibishane nao.

Dalali akipiga mwambieni mnasubiri barua ya dada wa Muscat na kauli ya mjane, basi, msiongeze neno. Na majibu ya upekuzi yakitoka niandikie tena nijue hati inasoma jina la nani na imebakiza miaka mingapi.

Mjomba